Siku Niliyomtunza Baba Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba wangu ananiita Zanzibar. Nimeshamwambia mara sijui ngapi kwamba mie ni mtu wa Tanga, Zanzibar nilikwenda harusini tu na nikarudi na mafua. Hasikii. Kwake yeye pwani yote ni Zanzibar, kuanzia Mombasa hadi huko inakoishia. Nami namwita Baba, kwa sababu neno hilo kwa Kizulu na kwa Kiswahili ni lilelile, na hakuna kati yetu aliyelazimika kujifunza kitu. Mengine tunaelewana kwa Kizulu changu cha kuungaunga na Kiingereza.

Ua wetu uko mtaa wa Alexandra, wenyewe wanauita Alex. Nyumba ya mbele, ya matofali, ni yake, aliachiwa na wazazi wake. Nyuma amejenga vyumba vya mabati na kuvipangisha, na mie nimo katika kile kinachopakana na jiko lake, mie na binti yangu. Binti kazaliwa mji huuhuu, anasoma chuo kule Doornfontein. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu, na akikasirika kwa Kiingereza. Baba yake alikwenda Durban kutafuta kazi. Kazi aliipata, njia ya kurudi akaipoteza. Hayo tuyaache.

Watu wa kwetu tunaokutana Fordsburg, ambako nina cherehani yangu ndani ya soko, nashona mabaibui na kufupisha kanzu, hawaishi kunishangaa. "Alex? Na mtoto wa kike? Wewe una wazimu!" Nawajibu kwamba nimekaa ghorofani Joubert Park miaka mizima, lifti imekufa, ngazi zina giza, na jirani wa mlango wa pili sikuwahi kumjua hata kwa sauti. Hapa Alex nikipita bila kusalimia, wanauliza kama naumwa. Nikipika pilau, ua mzima unajua, na sahani zinakuja zenyewe.

Tena mtaa huu unaimba, jamani. Si maneno ya kupamba. Jumamosi wanapita watu wa makanisa na matarumbeta yao, wamevaa kofia nyeupe, wanazunguka mitaa mpaka mbwa wanachoka kubweka. Shuleni wasichana wanapiga ngoma ya viatu vya mpira, paa paa paa, unasikia mpaka kwenye spaza ninakonunua mkate. Baba anasema serikali ya zamani ilitaka kuuvunja mtaa huu wote na kuwatupa watu mbali, na ilivunja sehemu kubwa kweli. Wenyewe wakang'ang'ania. Ukimuuliza waling'ang'ania na nini, anakuonyesha sanduku lake la santuri.

Hilo sanduku ndilo lililotuletea yote haya.

Jumapili, watu wakishatoka kanisani, kuna chama cha jazi. Usifikirie bendi. Hakuna anayepiga ala yoyote. Ni wazee, wanaume wengi na wanawake wachache, wanaokutana uani kwa mwenyekiti wao chini ya turubai, kila mmoja na sanduku lake. Zamu yako ikifika unatoa santuri moja, mwenyekiti anaiweka kwenye mashine, na wewe unaingia katikati kuicheza. Peke yako. Tarumbeta likilia, vidole vyako vinabonyeza hewani. Ngoma ikigonga, miguu inajibu. Na kila mlio unaoujua unauonyesha kwa mwili wako, ili wenzio waone kwamba umeisikiliza santuri hiyo maisha yako yote. Wao wamekaa kimya, mikono magotini. Na mavazi! Viatu vya rangi mbili vinavyong'aa, kofia imeinamishwa kidogo upande, suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Mie fundi, najua kazi nikiiona. Mara ya kwanza Baba aliponipitia mbele akienda huko niliacha kufua nikasimama na povu mikononi.

Basi, mwaka juzi Baba alipata kiharusi. Mdomo ulirudi, mkono ulirudi, mguu wa kushoto ukawa unamfuata nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Alikaa muda mrefu haendi chamani. Jumapili nilikuwa namsikia kupitia ukuta akipiga santuri zake peke yake jikoni, kiti kikilalamika, na mie upande wangu nikichambua mchele pole pole ili nisiharibu.

Siku moja mwenyekiti alikuja kumtembelea. Ni mzee mrefu, mkavu, rafiki yake tangu wakiogelea wote mtoni walipokuwa watoto. Walizungumza sana. Alipoondoka, Baba alitoka akakaa kwenye ngazi, akaniita.

"Zanzibar. Wanataka sanduku langu."

Nikadhani wezi. Nikasimama na mwiko. Akacheka, halafu akanieleza, na alivyokuwa akieleza kicheko kikamtoka kidogo kidogo. Desturi ya chama chao ni hii: mwanachama asiyeweza tena kuicheza santuri yake kwa miguu yake anakabidhi sanduku kwa mwanachama mwenye nguvu. Yeye anapewa kiti kizuri karibu na ukuta, anapewa chakula kwanza, anaheshimiwa sana, na hachezi tena. Hawafanyi kwa ubaya. Wanasema muziki hautakiwi kulala ndani ya boksi. Mwenyekiti alikuja kumwambia kwa upole kwamba kabla ya Krismasi kutakuwa na mkutano wa mwisho wa mwaka. Ama aje acheze, ama aje akabidhi.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nusu ya santuri zile alinunua marehemu mke wangu," akasema. "Alikuwa anafua nguo za watu kule ng'ambo." Akaonyesha kwa kidevu yale maghorofa ya vioo ya Sandton yanayotuchungulia juu ya mabati. "Akipata chochote, anapita dukani mjini, anarudi na santuri chini ya kitenge kama mtu aliyeiba kuku. Nimpe mtu mwingine? Mtu ambaye hajui hata ipi alinunua siku ya mvua?"

Hasira ilinipanda, haki ya Mungu. Mie nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akisema naweza kugombana na sufuria. Nikamwambia, "Hukabidhi. Utacheza."

"Na mguu huu?"

"Mguu una kazi gani?"

Akanitazama kama nimeingiwa na jini. Ndipo nikamweleza jambo ambalo tangu nije mji huu sikuwa nimemwambia mtu: kwamba Tanga nilikuwa mwimbaji. Si mwimbaji wa jina, la; nilikuwa mmoja wa wale wanaokaa nyuma na kuitikia, kwenye kikundi cha taarabu cha wanawake wa mtaani kwetu, tunaimba maharusini, tumevaa sare. Na kwetu mtu haruki, Baba. Kwetu mtu anacheza kwa bega, kwa shingo, kwa leso mkononi. Miguu inasogea tu ili kukupeleka unapokwenda, taratibu, maana una heshima zako na una viatu virefu.

Nikamwonyesha palepale uani. Niliweka mwiko chini, nikashika leso, nikaenda mpaka kwenye bomba na kurudi. Bega likashuka, likapanda. Macho nusu.

Baba akacheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo ni ngoma ya watu waliochoka!"

"Ni ngoma ya watu waliolelewa," nikamwambia.

Tukaanza. Kila nikirudi Fordsburg, kabla jua halijazama, namkuta uani amevaa kofia na ndala, mashine ya santuri iko dirishani. Alichagua wimbo mmoja wa mkewe, hauna maneno, unaanza na piano peke yake, kisha tarumbeta linaingia kama mtu aliyechelewa asiyetaka kuonekana. Nilimkataza kuinua mguu. "Bega, Baba, bega! Kwani bega limepata kiharusi?" Naye ananifokea kwamba sijui kusikiliza, kwamba hapo ni besi, hapo vidole vinatakiwa kutembea kwenye nyuzi, tazama. Basi nikajifunza besi. Naye akajifunza leso. Binti yangu alikuwa akitoka chumbani na simu yake, anatutazama, anasema "Eish, Mama," na kurudi ndani. Umeme ukikatika, na hukatika, Baba alikuwa anacheza ukimya, na namna anavyoinua kidole nikawa najua tumefika wapi.

Suruali yake niliishughulikia mie. Mguu wa kushoto ulikuwa umekonda, kitambaa kinapwaya, mtu anaona mara moja. Nikautilia kitambaa kizito kwa ndani, nikarekebisha pindo, miguu yote miwili ikaanguka sawasawa. Alipoivaa alijitazama kwenye kioo cha kabati muda mrefu, akanipa parachichi.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya joto, mawingu yamejikusanya upande wa kaskazini kama kawaida ya Desemba. Mie nilivaa dera langu la kijani na mtandio. Binti nilimlazimisha, nikamwambia bila yeye nitapotea katika Kizulu cha wazee, naye akaja amenuna, amebeba sanduku. Baba alitembea katikati yetu. Njiani kila mlango una mtu, na kila mtu ana neno. "Mzee, unaoa leo?" "Mzee, viatu hivyo utaniachia mimi!" Alikuwa anagusa kofia tu.

Uani kwa mwenyekiti walikuwa wamejaa. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, juu yake mashine ya santuri, na pembeni ya mashine kisahani kidogo cha udongo chenye maua ya buluu. Kitupu. Nilikiona nilipoingia, nikasema moyoni, ahaa, hawa nao wana ustaarabu, wanatunzana. Kwetu kwenye shughuli kinawekwa chombo mbele ya waimbaji, aliyeguswa akitie pesa. Kwa nini nimuulize mtu? Kitu nakijua tangu utoto.

Walicheza wengi kabla yake. Nilikunywa soda ya tangawizi, nikala magwinya, ambayo ni maandazi yaliyosahau iliki, nikapiga makofi. Kisha mwenyekiti akamwita Baba.

Kila mtu alijua: acheze, au sanduku liende. Mwenyekiti mwenyewe hakumtazama usoni. Aliipokea santuri kwa mikono miwili, akaifuta, akaiweka, akashusha sindano.

Piano ikaanza. Baba alisimama tu, kichwa kimeinama, mpaka nikafikiri amesahau. Halafu bega la kulia likashuka. Halafu la kushoto. Akatoa leso mfukoni, ile ya kwangu, ya zambarau, na akaanza kwenda, kidogo kidogo, nusu unyayo, nusu unyayo, kama bibi harusi anayepelekwa kwa watu, na vidole vya mkono mwingine vikitembea kwenye besi. Wazee wakainuka kidogo kwenye viti. Mtu mmoja akasema "Hau!" kwa sauti ya chini. Hawakuwahi kuona kitu kama kile, maana hakikuwa chao na hakikuwa chetu, kilikuwa cha pale uani kwetu kando ya bomba. Tarumbeta likaingia. Baba akafumba macho, akanyoosha shingo, leso ikapanda mpaka juu ya kofia na kushuka taratibu.

Mwenzangu, nilisahau niko wapi. Nilikuwa Tanga, niko sebuleni kwa watu, na msanii anamkata mtu maini. Na mtu akikukata maini unafanya nini? Unakaa? Huwezi kukaa, utaonekana huna adabu. Niliinuka na noti yangu mkononi, nikaijia meza kwa bega, pole pole, natabasamu, nikapiga na kigelegele kimoja kidogo. Sikuweza kumbandika Baba noti kifuani, mwanamume wa watu, nikaona haya. Nikampita, nikamwinamia kidogo, na noti nikaiweka kwenye kisahani.

Mwenyekiti akanyanyua sindano.

Nilidhani mashine imeharibika. Nikageuka. Watu wote walikuwa wananitazama, na nyuso zao, sijui niseme nini, ni kama mtu amempiga mtoto mbele yao. Baba alisimama katikati, leso bado juu, macho wazi. Binti yangu akanifikia mbio, akanishika mkono.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemtunza!"

"Mama, hicho kisahani ni cha kuzima." Alikuwa ananong'ona Kizulu, haraka haraka, amepauka. Mama mmoja mzee aliyekaa naye alikuwa amemweleza muda mfupi tu uliopita. Katika chama chao, ukichoshwa na santuri ya mtu huzomei, hubishi. Unainuka, unaweka pesa kwenye kisahani, na mwenyekiti anaizima. Na santuri iliyozimwa haipigwi tena siku hiyo. Ni desturi ya zamani, siku hizi karibu hakuna anayethubutu, kisahani kimebaki pambo. Baba hakuwahi kunitajia kwa sababu tangu ajiunge hakuna aliyewahi kumzima.

Loo! Ardhi ingefunguka ningeingia na dera langu. Nilitaka kuichukua ile noti; mwenyekiti akaweka kiganja juu ya kisahani. Hakuwa na ukali. Alikuwa na huzuni, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema maneno, binti akanitafsiria: iliyoingia haitoki. Zamu ya mzee imekwisha.

"Waambie!" nikamwambia binti. "Waambie kwetu hiyo ni sifa!"

Nilitegemea ataona aibu. Huyu mtoto, ukimtajia Tanga huwa anasema "kwenu, Mama". Alisimama mbele ya wazee wale, akasema kwa Kizulu, na neno moja nilielewa bila tafsiri kwa sababu alilisema mara mbili akijigonga kifua: kwetu. Kwetu mtu akikuchezea vizuri unampelekea pesa. Mama yangu amemsifu. Kwetu ni hivyo.

Wakaanza kunong'onezana. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Anaelewa, akasema, lakini sheria ni sheria. Wakiivunja kwa rafiki yake, kesho kila mtu atakuwa na mgeni wake wa kumtetea. Halafu akasita. Kuna sheria nyingine, akasema. Anayezima santuri ya mwenzake lazima ajaze nafasi kwa yake. Je, mama huyu ana santuri?

Sina santuri. Nina cherehani, na mtoto, na sufuria. Nikatazama kule alikosimama Baba. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mtu mmoja alikuwa ameshaanza kumsogezea kile kiti cha karibu na ukuta, kile kizuri, chenye mto. Nilipokiona kiti kile hasira zangu za karibu zilinijia, ila safari hii sikuwa na mtu wa kugombana naye ila mimi mwenyewe, na koo likafunguka.

Niliimba. Bila kinanda, bila udi, bila wenzangu wa kuitikia. Nilianza na wimbo wa harusi wa mtaani kwetu, ule ambao hauna mwenyewe, kila mtu anautia maneno yake. Sauti ilitoka na kutu. Ubeti wa kwanza niliukosea. Wa pili nikautunga palepale, kama tulivyokuwa tukifanya ukimwona anayestahili:

Jirani wangu mwandani, kati ukuta ulio,
nikikohoa chumbani, wajua changu kilio.

Hawakuelewa hata neno. Lakini Baba aliachia meza. Yule mwenye kiti akamgusa bega, na Baba akautoa mkono wake kwa upole, akasema kwa Kizulu kifupi ambacho hata mie nilikielewa: sijamaliza.

Akaja. Nusu unyayo, nusu unyayo. Wimbo wangu ulikuwa wa taratibu kuliko santuri yake, una nafasi ya kupumua, na aliijaza yote kwa bega. Nikamzunguka, akanizunguka. Mwenyekiti alikuwa na mkono hewani karibu na mashine, lakini azime nini? Hakukuwa na sindano ya kunyanyua. Binti yangu, ambaye hajawahi kunisikia nikiimba zaidi ya kuimbia vyombo, akaanza kuitikia mwisho wa kila mstari. Ana sauti ya bibi yake. Sikujua. Ikabidi niangalie chini ili niweze kuendelea.

Tukamaliza. Yule mama mzee aliyemweleza binti desturi ya kisahani akainuka, na fimbo yake, na kofia yake ya Jumapili. Akaja mpaka mbele. Alikuwa na sarafu mkononi. Akaitazama meza, akakitazama kisahani, akakipita. Akanichomekea sarafu kwenye mtandio, juu ya sikio, akampa Baba nyingine kwenye ukanda wa kofia, akarudi kukaa kwake. Basi wakainuka wote. Wanakuja kwa bega! Wazee wa Alex, na viatu vyao vya rangi mbili, wanakuja kwa bega, vibaya sana, Mungu awabariki.

Mwenyekiti alikuja wa mwisho. Alichukua noti yangu kutoka kwenye kisahani, ile isiyotoka, akaikunja vizuri, akamtia Baba mfuko wa koti. Kisha akainama, na si kijana yule, akalinyanyua lile sanduku kwa mikono yake, akamkabidhi rafiki yake. "Mpaka mwakani," akasema. Baba akaitikia kwa kichwa tu.

Tulirudi nyumbani wingu likianza kunguruma. Binti alitangulia na sanduku, anaimba chini chini, maneno yote ameyakosea. Mie nilikuwa nimemshika Baba mkono, na toka tulipotoka getini nilikuwa naomba radhi. Samahani Baba, sikujua. Samahani, ningeuliza. Samahani, nusura nikuharibie maisha mbele za watu. Nilisema mpaka tukafika kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, ikawa nyekundu, tukasimama.

"Zanzibar," akasema, "nyamaza nikwambie kitu, na usimwambie mtu."

Nikamsogezea sikio.

"Tarumbeta lilipoingia mguu ulikwisha. Ulikwisha kabisa, siusikii. Nilikuwa nahesabu pumzi nikijua nikivuta nyingine naanguka, pale mbele yao wote, na santuri ya mke wangu inaendelea. Nikafumba macho. Nikamwambia mke wangu huko aliko, mama, nitafutie mtu yeyote anyanyue sindano." Akaitazama barabara. "Nikafumbua, nikakuona unakuja na noti yako."

Wale mashangazi wote wa Tanga walionifundisha kutunza, natamani wangekuwapo kusikia. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia katikati ya barabara, na sarafu za watu kwenye mtandio zinaanguka moja moja. Taa ilikuwa imeshageuka kijani, na gari zinatupigia honi.

"Tembea," Baba akasema, "wanatuangalia. Bega, Zanzibar. Bega."